Sahani ya Jirani wa Kumi na Tano

Sahani zilikuwa tatu na mikono iliyozipokea ilikuwa mitatu, lakini mkono wa tatu ulitokea chini.

Myeong-ok alipaswa kushtuka papo hapo, na hakushtuka. Tumwonee huruma. Alikuwa mke wa mmishenari aliyehamia fleti ile ya Ulan Bator wiki moja tu iliyopita, mafua yamembana, maboksi kumi na moja hayajafunguliwa, na Kimongolia chake kilitosha kusalimia na kununua vitunguu. Kwao Mokpo, mwenye kuhamia ndiye anayepeleka keki za mchele kwa majirani, naye alipeleka. Nyumba namba kumi na tatu alipokea mwanafunzi mwenye usingizi. Kumi na nne, bwana mmoja mwenye taulo shingoni. Mlango wa kumi na tano ulifunguka upana wa kiganja, ndani giza tupu, na mkono mwembamba wenye sweta lililofumuka ukachomoza karibu kabisa na sakafu, kama wa mtu aliyeketi chini ameegemea mlango. Ukaichukua sahani taratibu. Ikaja harufu ya maziwa yaliyoungua. Myeong-ok akainama mara mbili kwa heshima, akarudi kwake akiwaza kwamba jirani yake hana miguu, maskini.

Keki zenyewe zilikuwa nyeupe. Mama mkwe wake asingekubali. Kwake yeye keki ya kuhamia isiyo na maharage mekundu ya kufukuza mikosi haikuwa keki. Lakini mumewe, Mchungaji Pyo, alisema hawakuja mpaka Mongolia kupika ushirikina, na Mchungaji Pyo alikuwa na jibu la kila kitu isipokuwa bomba la jikoni lililokuwa likivuja.

Kesho yake sahani ya kumi na tano ilikuwa kizingitini. Imeoshwa, baridi hadi inauma vidole, na juu yake vipande vitatu vya jibini kavu. Binti yao Daon, wa miaka mitano, alitafuna kimoja kabla mama yake hajasema kitu. Myeong-ok alifurahi kwa kweli. Kwao chombo cha jirani hakirudi kitupu, na kumbe Wamongolia nao ni vivyo hivyo. Akaijaza chapati za kimchi, ile kabichi ya pilipili iliyochachushwa, akaiweka mlangoni pa kumi na tano, akagonga. Ikarudi na glovu ya sufu, moja, ndogo. Ilimkaa Daon sawasawa. Akaijaza biskuti. Ikarudi na glovu ya pili.

Wiki ya tatu Daon aliacha kula. Alilamba wali tu, akasukuma bakuli. Mchana, baba yake akiwa kwenye darasa la lugha, aliketi sakafuni na kuegemea ukuta wa upande wa kumi na tano, akinong'ona Kimongolia kilichonyooka ambacho hakuna aliyemfundisha.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na shangazi. Sema polepole, mama. Anasikiliza mlango."

"Anasikiliza nini?"

"Mtoto wake. Anasema amechelewa mno kurudi."

Myeong-ok alimshika mikono. Ilikuwa baridi kama ile sahani, na mabomba ya joto yalikuwa yanachoma kwa ukali siku hiyo.

Jioni alimweleza mumewe. Mchungaji Pyo alikuwa akipanga viti sita sebuleni kwa ajili ya ibada ya Jumapili, kama alivyovipanga kila Jumapili, na kila Jumapili viti vitatu vilikaliwa na wao wenyewe.

"Mama Daon," alisema, "tuna miezi minne nchi hii, hakuna hata nafsi moja iliyokuja ibadani. Jirani mmoja tu anatujali, naye unamwogopa?"

"Hujawahi kumwona, Baba Daon."

"Basi nitamwona. Nitamwalika."

"Usimwalike. Nakuomba."

"Hebu jisikie. Mke wa mchungaji!"

Myeong-ok akarudi jikoni kwa aibu. Aibu hiyo ndiyo iliyokuja kuwaponza.

Alhamisi sahani ilirudi na msuko wa nywele. Nywele nyeusi, laini, zimefungwa kwa uzi mwekundu, bado zinanukia shampuu ya nyumbani. Myeong-ok alikimbia kumgeuza Daon, akamfunua kisogo. Nywele zilikuwa zimekatwa hadi kwenye ngozi.

"Shangazi aliniomba," alisema Daon. "Ulipokuwa bafuni. Nilitoka tu hapo mlangoni."

Myeong-ok akambeba mtoto mgongoni, mkubwa vile vile, akashuka ngazi mbio mpaka kwa Bibi Dulmaa, mfagiaji wa jengo, aliyekuwa akisukuma theluji kwa ufagio. Alimwonyesha sahani, akamwonyesha kisogo. Alikosa maneno ya Kimongolia, lakini hayakuhitajika. Bibi Dulmaa alitupa ufagio, akapanda naye ghorofa ya nne akihema, akamshika mkono na kuupitisha kwenye ukingo wa mlango wa kumi na tano. Chini ya rangi kulikuwa na mshono mrefu wa chuma, kutoka juu hadi chini.

"Umechomelewa," alinong'ona bibi, kwa Kikorea cha kuungaunga alichokiokota kibaruani zamani. "Nilikuwepo. Miaka tisa sasa. Haujafunguka, binti yangu."

"Nimempa sahani mkononi, bibi."

"Najua umempa. Sikiliza. Alikuwa mwanamke mzuri, pombe ikamharibu. Usiku mmoja wa baridi alifunga mlango akalala, mtoto wake yuko nje. Asubuhi tulimkuta mtoto hapa hapa, kizingitini, amekauka. Mama akaketi nyuma ya mlango, akisubiri mtoto agonge. Hakuinuka tena."

Myeong-ok alimshusha Daon mgongoni, akamkaza kifuani. "Anamtaka huyu wangu."

"Ujirani mmeuanza wenyewe. Nipe nikupe. Sasa uukate: rudisha sahani tupu."

"Tupu? Hayo si matusi?"

"Ndiyo dawa yenyewe. Mtukane. Atalia, mwache alie. Kwako haingii asipokaribishwa, alikuwa mtu wa adabu. Msimkaribishe tu. Na mumeo mwambie, umesikia? Mwambie."

Bibi akachoma majani makavu ya mreteni, akafukiza mlango wa Myeong-ok juu na chini, akamfukiza na mtoto. Kisha Myeong-ok akaiweka sahani pale, nyeupe, haina kitu, akarudi ndani akafunga komeo zote mbili na kuegemeza sikio mlangoni, na hapo ndipo alipousikia mlango uliochomelewa ukifunguka polepole, kisha kiganja kikipapasa sahani, kikizunguka na kuzunguka kama cha kipofu anayetafuta punje, kikirudi katikati, kikirudi ukingoni, kisichoamini, hadi kikatulia, na kilio kikaanza chini kabisa karibu na sakafu, kilio cha mtu mzima anayejizuia asisikike na majirani, kikaendelea mpaka moshi wa mreteni ulipoisha na mwanga wa dirishani ukafifia.

Halafu kimya. Usiku ule Daon alikula mabakuli mawili ya wali. Siku nane nyumba ilikuwa nyumba. Myeong-ok alifungua maboksi yote, akaimba akipiga pasi. Kila jioni alimtazama mumewe akajiambia atamwambia, na kila jioni aliukumbuka moshi ule wa kipagani, akaona haya, akaahirisha.

Siku ya tisa, saa kumi na moja jioni, Mchungaji Pyo aliingia na theluji mabegani, anacheka peke yake.

"Mama Daon! Ongeza kiti! Tumempata mtu wetu wa kwanza!"

"Nani?"

"Jirani wa kumi na tano. Nimemkuta ameketi kwenye ngazi analia, kisa eti umemrudishia sahani tupu. Wewe? Nimeona haya hadi shingoni."

Kijiko kilimponyoka Myeong-ok. "Umemwambia nini?"

"Nilichotumwa kumwambia mtu yeyote. Kwamba kwetu ni kwake. Nimemfungulia mlango, nikamwambia atangulie ndani, mie nikung'ute viatu." Akatazama viti sita, vyote vitupu. "Kwani hujamwona? Amepita hapa hapa."

Harufu ya maziwa yaliyoungua ilikuwa imejaa korido. Myeong-ok alikimbilia chumba cha Daon, akakuta mlango umefungwa, mlango ambao tangu wahamie haukuwa na kufuli wala komeo, akaupiga kwa ngumi, akaupiga kwa bega, na mumewe akaja akaupiga pamoja naye akiita jina la Bwana na jina la mtoto, wala haukutikisika, ila baridi yake ilipenya hadi mifupani, na kwa ndani wakasikia mtu akijisogeza sakafuni na kuegemea mbao.

"Daon! Mwanangu! Fungua!"

Ilijibu sauti nyingine, ya upole, ya shukrani, chini karibu na miguu yao.

"Msigonge sana, mtamwamsha. Nimeshafunga. Safari hii mtoto wangu yuko ndani."