Jicho-Kinyonga kwenye Jabali la Tai

Jicho-kinyonga liliganda hewani mbele ya jabali la Taita, likajivika rangi ya mawe, likapotea. Ndiyo kazi yake hiyo: chombo kidogo kama ngumi, kirukacho bila sauti, kikipiga picha kiota cha tai kutoka umbali ulioruhusiwa kwenye kibali. Kilikuja na pacha wake, kisha pacha akaondoka waziwazi. Mbinu hiyo wapiga picha wa ndege wanayo tangu enzi za kujificha kwenye mahema: waingie wawili, atoke mmoja, ndege aamini wameondoka wote.

Chini bondeni, Mghoi alikazia macho kioo chake cha kuongozea chombo huku jasho likimtoka. Kibali chake kilikuwa halali, na tai hawa walikuwa jozi ya mwisho nchini yenye kinda. Kinda mwenyewe alikuwa peke yake kiotani, mdomo wazi, jua likimchoma. Mama yake alizunguka juu na hakutua.

Mwakio, mlinzi wa jabali, mtu mwenye hasira za karibu, alimwambia akitoe chombo. Mghoi akamjibu kwamba umbali ni sahihi, muda bado upo, na tai hawezi kukiona. Kwani amevunja sheria gani? Mwakio akakiri kwamba hakuna.

“Lakini mama huyu amedanganywa na kila mpiga picha aliyepita hapa,” alisema. “Ameona wamekuja wawili, ametoka mmoja. Anamsubiri wa pili atoke.”

Kiooni, kinda alikuwa amelaza kichwa. Mghoi akakiamuru chombo kirudi, kikaanza kuondoka kimejificha vilevile. Sasa mama atajuaje kwamba kimetoka?

“Kivue rangi,” Mwakio alisema. “Akione.”

Mghoi alisita. Kiooni zilifika picha hafifu tu. Picha halisi za msimu mzima zilikuwa ndani ya chombo kile, na tai hushambulia chochote akionacho karibu na kiota. Alijiona mjinga kwa kusita, akabonyeza.

Chombo kikawa chekundu, kikaonekana waziwazi. Tai alikunja mbawa, akakinyakua, akashuka nacho. Kioo kikazima.

Waliinua macho, lakini kutoka bondeni kiota hakikuonekana, na kukwea kulikatazwa hadi kinda aruke.

“Amewahi kumkinga kinda na jua?” Mghoi aliuliza.

Mwakio alikuwa ameshaanza kukunja turubai lao la kivuli. “Na sisi pia anatuona, dada. Tukibaki kuangalia, hatatua.”

Mghoi alishika mwisho wa pili wa turubai, wakaondoka bila kujua kama kinda amepona.