Chujio la Kipara

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alikwenda moja kwa moja kwenye saluni ya baba yake. Alivua viatu vya shule, akachukua ufagio na kuanza kufagia nywele zilizotapakaa chini ya kiti. Jina la Chiriku alipewa na wateja, kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Alisimulia ya shuleni, akauliza maswali, mengine akajijibu mwenyewe.

Akimaliza kufagia, alikusanya vitana na brashi, akavitumbukiza kwenye bakuli la dawa ya kuua vijidudu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya saluni, na baba hakuwa na mchezo nayo.

"Kitu kikishatumika, kinapita kwenye dawa," alipenda kusema. "Hata kama kimetumiwa na mfalme."

Kwenye kona, karibu na kioo kikubwa, kulikuwa na tangi la samaki. Baba aliliweka kwa ajili ya watoto wanaoogopa mashine ya kunyolea, kwani wakiwatazama samaki husahau kulia. Samaki mmoja mkubwa alikuwa wa rangi ya chungwa, mwenye baka jeupe utosini. Wateja walimwita Kipara, wakisema ndiye mteja pekee anayeshinda saluni bila kunyolewa. Chiriku alimpenda mno. Akiingia, alimsalimu Kipara kwanza, ndipo akawakumbuka watu.

Tatizo lilikuwa nywele. Feni ilizipeperusha, zikaangukia majini, pampu ikazivuta na kuziba. Pampu ikiziba, maji hayazunguki, na samaki hukosa hewa. Siku moja iliziba wakati saluni imejaa. Ilimbidi baba amwache mteja kitini, aifungue na kuanza kuchomoa nywele zilizojisokota ndani, huku waliokuwa wakisubiri wakiguna.

"Mimi ni kinyozi, si fundi pampu," alisema kwa hasira. "Ikiziba tena, tangi hili namgawia mtu."

Chiriku alishtuka. Saluni bila Kipara aliiona kama nyumba iliyohamwa.

"Baba, je, nikitengeneza chujio la kuzuia nywele?"

"Tengeneza. Lakini usinifukuzie wateja."

Alitafuta chupa ndogo ya plastiki, akaitoboa matundu mengi kwa msumari, akaijaza pamba na kuifunga kwenye mdomo wa pampu kwa mpira. Pampu ikanguruma, ila maji hayakutoka. Pamba ilikuwa imebana mno.

Akaenda kwa fundi makochi, mama mmoja mcheshi aliyefanya kazi mlango wa pili. Fundi alisikiliza, akapekua kwenye masalio yake na kumkatia kipande cha sponji.

"Hii ina matundu makubwa, mwanangu. Maji yatapita, nywele zitabaki. Wala haijaguswa na gundi. Isuuze tu kwa maji matupu."

Safari hii maji yalitiririka vizuri. Nywele zilinasa kwenye sponji, pampu ikabaki safi. Siku zilipita bila kuziba, na baba akaanza kujisifu kwa wateja.

"Mnaona lile chujio? La binti yangu. Kiwandani hawajui kulitengeneza!"

Chiriku alivimba kichwa, na alikuwa na haki yake. Alipoona sponji imekuwa nyeusi, aliitoa ili kuisafisha. Kwa kuwa alitaka kazi yake isiwe na dosari, alifuata sheria ya saluni. Aliitumbukiza kwenye bakuli la dawa, akaiacha ilowe vizuri, akaikamua na kuirudisha kwenye chujio. Sponji ilipendeza kama mpya.

Kesho yake alipoingia, Kipara hakuja kwenye kioo cha tangi kumlaki. Alikuwa juu kabisa ya maji, akifungua na kufunga mdomo kwa tabu. Samaki wawili wadogo walilala ubavu. Pampu ilikuwa inafanya kazi bila kasoro.

Baba alikuwa ameshaacha kunyoa. Kitini alikaa mteja mnene aliyenyolewa nusu ya kichwa, shuka likiwa bado shingoni. Baba alikuwa akizungumza kwa simu na dada aliyemuuzia samaki wa tangi na chakula chao, sauti imewekwa juu.

"Chakula ulichoniuzia ni kibovu," alifoka. "Samaki wangu wanakufa!"

"Pole, kaka. Lakini wengine wamenunua hichohicho na samaki wao ni wazima. Hebu fikiri, kuna kitu chochote kigeni kilichoingia majini?"

"Hakuna! Nasema ni chakula chako."

Chiriku alisimama na ufagio mkononi bila kufagia. Harufu ya dawa kwenye bakuli ilimfikia, naye akaelewa. Akisema, tangi litagawiwa mtu. Akinyamaza, dada wa watu atabeba lawama isiyo yake, na Kipara atakufa akiwa anamtazama.

"Kipo," alisema.

"Unasemaje?"

"Kitu kigeni kipo, Baba. Niliosha sponji kwa dawa ya vitana."

Dada muuza samaki ndiye aliyewahi kusema.

"Itoeni sponji upesi! Mna maji yaliyolala? Ya bomba yaliyotoka sasa hivi yana dawa ya kusafishia maji, hayafai."

"Kuna ndoo ya akiba," Chiriku alijibu. "Niliijaza jana, iko wazi."

"Hayo hayo. Wahamisheni humo sasa hivi."

Chiriku alileta ndoo, baba akashika kikombe. Mteja wa nusu kichwa naye aliinuka na shuka lake, akaishika ndoo isiyumbe. Walimhamisha Kipara, kisha wale wadogo. Baba aliifunga pampu kwenye ndoo, bila chujio. Wote wakainama kutazama. Mdogo mmoja hakuamka tena. Wa pili alitikisa mkia. Kipara alitulia chini muda mrefu, kisha akazunguka ndoo taratibu, mdomo wake ukifunguka bila tabu.

Chiriku alilia kwa ajili ya yule aliyekufa. Baba alichukua simu kwanza.

"Dada yangu, nisamehe. Kosa ni letu."

"Yameisha, kaka. Mwambieni binti kwamba kwenye sponji huota vijidudu vizuri, vinavyokula uchafu wa samaki. Dawa iliviua, kisha ikawapata samaki wenyewe. Sponji huoshwa kwa maji ya tangi lenyewe, basi."

Baba alikata simu, akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Umefuata sheria niliyokufundisha mimi. Nilikuambia tumbukiza, sikukuambia kwa nini. Dawa kazi yake ni kuua. Kwenye kitana tunataka iue vijidudu, kwenye tangi tunataka viishi. Kila unachofundishwa, mwanangu, uliza na sababu yake, ndipo utajua kinafaa wapi na wapi hakifai. Na ukikosea, sema kama ulivyosema leo, wakati bado kuna wa kuokolewa."

"Na mimi je?" aliuliza mteja wa nusu kichwa. "Nitaokolewa lini?"

Hata Chiriku alicheka, machozi yakiwa bado mashavuni.

Walisuuza tangi mara nyingi kwa maji matupu, wakalijaza maji yaliyolala. Fundi makochi akatoa kipande kingine cha sponji.

Ulipofika wakati wa kuisafisha sponji hiyo, kitini alikuwepo mtoto mdogo, ametoa macho kwa Kipara, amesahau kulia. Baba aliitoa sponji mwenyewe. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ukaelekea kwenye bakuli la dawa.

"Baba!" Chiriku alipiga kelele.

Mkono ulisimama hewani. Baba aliutazama, akatikisa kichwa, akacheka.

"Haya, Chiriku," alisema, akimkabidhi sponji. "Mweleze huyu mtoto kwa nini."

Na Chiriku akaeleza mpaka nywele zikaisha kunyolewa.