Mapigo ya Kichwa cha Plastiki

Kichwa cha plastiki kilikuwa na mapigo ya moyo.

Nisikuzungushe. Kilikuwa kichwa kitupu, cha aina ile ya kuvalishia wigi dukani, na katika karakana ile ya michezo ya kompyuta kilikuwa na kazi moja tu. Kabla mchezaji hajaketi, mpimaji alikivalisha miwani ya mchezo, yenye sensa za kusoma moyo na jasho, ahakikishe kwamba pasipo na mtu mstari wa mapigo kwenye skrini unalala. Mtu akishaivaa, mstari ndio unaosema kama mchezo umemnasa au unamchosha.

Asubuhi ile mstari haukulala. Uliinuka polepole, ukashuka, ukainuka tena, kama wa mtu aliyeketi akisubiri zamu yake. Na miwani ilinuka udongo mbichi.

"Bosi, hebu njoo uone."

"Nione nini? Wanunuzi wako njiani, wewe unanionyesha kichwa cha wigi!" Bosi alicheka. "Hiyo kelele ya nyaya. Ifute."

Mpimaji akaifuta. Aliiamuru kompyuta, kila ikikutana na mapigo yale, iyahesabu kuwa si kitu. Ndiyo tabia ya watu wa mashine: wasichokielewa wanakiita kelele. Ujinga mtupu, na nausema wazi.

Mchezaji aliyepangwa hakutokea. Aliyetokea ni mdogo wake mpimaji, binti mwenye mdomo, mkoba begani, kamletea kaka yake simu aliyoisahau nyumbani.

"Mzee wa Namba! Iko siku utasahau kichwa."

"Keti hapo, utuchezee kidogo."

"Nikishinda utanifulia nguo?"

"Nitafua. Keti."

Alicheza kwa vicheko na makelele, mstari ukaruka hadi bosi akapiga makofi. Ghafla akanyamaza. Mikono ikamshukia magotini, harufu ya udongo ikajaa chumba kizima, na kwenye spika ikasikika pumzi nzito, isiyo yake, maana kifua chake kilikuwa kimetulia tuli, na mstari ukashuka, ukashuka, ukalala.

"Sensa imechomoka?" bosi alinong'ona.

Haikuchomoka. Mpimaji akaiondoa ile amri ya asubuhi ya kuyapuuza mapigo ya kichwa. Mstari ukainuka. Polepole. Ukashuka. Ukainuka tena.

Binti akavua miwani, akaikunja mikanda yake taratibu, akatabasamu.

"Nimemaliza, kaka. Twende nyumbani, mama anatusubiri."

Tangu aanze kusema hajawahi kumwita kaka.

Mpimaji aliichukua miwani, ingali na joto, akakivalisha kile kichwa cha plastiki, akageukia skrini huku akiomba kimoyomoyo aone mstari uliolala, lakini mapigo yalikuwepo, ya haraka, ya mtu anayekimbia gizani asione mlango, na alipoinama akanong'ona, "Mdogo wangu, ni wewe?", yakaruka mpaka yakatoka nje ya skrini.

Mlangoni, yule aliyeshika mkoba wa mdogo wa mpimaji akasema kwa upole, "Kaka, si mlisema hiyo ni kelele? Ifute."