Uso wa Bibi Raheli

Kila asubuhi ya likizo ile ya Juni, mwaka 2001, Aneth aliamka, akafagia uwanja, akachota maji, akanywa chai na viazi vya jana, kisha akashika njia kutoka Miyuji kwenda Chang'ombe, mjini Dodoma. Alikuwa na miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Wenzake walishinda wakicheza rede mpaka jua linazama. Yeye alikwenda kujifunza kompyuta, na ungemuuliza amejifunza nini, angekuambia ukweli wake: haelewi.

Studio ya picha alikojifunza ilikuwa ya Halfani, mtu wa Kondoa, ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Naima kwa sababu ya binti yake Naima, rafiki wa Aneth. Zamani Baba Naima alisafisha picha zake kwa dawa ndani ya chumba cha giza. Lakini miaka hiyo biashara zilikuwa zimefunguliwa, vitu vya nje vinaingia kila kukicha, naye akajikakamua akanunua kompyuta iliyokwisha kutumika, skana na printa ya rangi. Kompyuta aliifunika kwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, maana vumbi la Dodoma halina adabu, linaingia hata mahali ambapo halikukaribishwa.

Sasa hiyo programu ya kutengenezea picha. Loo, jamani! Pembeni mwa kioo kulikuwa na visanduku vidogo vidogo, kila kimoja na kichoro chake: brashi, mkasi, kifutio, muhuri. Baba Naima alieleza kwamba picha inakaa kwa tabaka, kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine, na ukichora kwenye tabaka la chini, la juu linafunika. Aneth akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Halafu akachora robo saa nzima kwenye tabaka lisilohusika, na hakuna kilichoonekana. Akadhani mausi imekufa, akaigonga mezani, akaambiwa aache.

Kilichomchanganya kabisa ni kile kifaa cha muhuri, na kilimchanganya kwa sababu kilikuwa rahisi. Unachukua ngozi safi ya hapa, unaigonga juu ya doa la pale, doa linapotea kana kwamba halikuwahi kuwapo. Jumatatu Aneth alifuta chunusi zote za bibi harusi mmoja, kisha akaulainisha uso mpaka ukang'aa, naye akasifiwa mbele ya wateja. Jumanne akafuta baka lililokuwa shavuni mwa dereva aliyetaka picha ya leseni. Hapo alikemewa.

"Trafiki atamsimamisha huyu bwana adhani leseni ni ya ndugu yake," alisema Baba Naima. "Rudisha baka la watu."

"Lakini jana uliniambia nifute, Baba Naima."

"Jana ilikuwa harusi."

Mteja akaingia, na maelezo yakaishia hapo. Aneth alibaki amekodolea kioo. Leo futa, kesho usifute. Aliona haya kuuliza tena, kwa kuwa alikwisha uliza mara tatu asubuhi ile, na mara ya tatu Baba Naima alikuwa amevuta pumzi ndefu kabla ya kumjibu.

Jumatano ndipo alipokuja Mzee Eliakimu kutoka kijiji cha Mvumi. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa koti la kijivu lililopigwa pasi vizuri, mkononi fimbo. Alipovua kofia, Aneth aliona alama ya duara katikati ya paji lake la uso, imedidimia kidogo. Maskini, alijisemea, huyu babu aliwahi kuumia vibaya. Usimcheke. Aneth alizaliwa Bukoba, na ilikuwa miezi mitatu tu tangu baba yake ahamishiwe Dodoma kufanya kazi katika ofisi za Bunge.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mzee alifungua kitabu chake cha nyimbo za kanisani, akatoa picha ndogo, ndogo kama kidole gumba, akaiweka juu ya meza kwa mikono miwili.

"Huyu ni mke wangu, Raheli," alimwambia Baba Naima. "Alitutoka mwezi wa tatu. Maisha yake yote alipiga picha hii moja tu, na macho yangu hayaioni tena vizuri. Jumapili tuna ibada ya kumkumbuka, na wajukuu wanakuja kutoka Dar es Salaam. Wengine hawakumwona hata siku moja. Nataka wamwone bibi yao, mkubwa, ukutani."

Picha ilikuwa imeota madoa ya kahawia kila mahali, na upande mmoja ulikuwa na mikunjo. Baba Naima aliipitisha kwenye skana, akamrudishia mzee papo hapo, kwa sababu mzee hakutaka kuiacha ilale ugenini. Wakaahidiana Ijumaa mchana.

"Kazi hii ni yako, Aneth," alisema Baba Naima mzee alipoondoka. "Safisha madoa. Taratibu tu, usikimbie."

Aneth akafurahi, na hofu ikamwingia vilevile. Uso uliotoka kwenye skana ulijaa kioo kizima, lakini ulikuwa umefunikwa na madoa mengi kiasi cha kutojua uanzie wapi. Doa shavuni, doa kidevuni, doa la duara katikati ya paji la uso, doa juu ya nyusi. Sikio la kushoto lilionekana kama limetoboka, tundu kubwa jeusi. Je, karatasi ilichanika pale? Aliinua kichwa amuulize Baba Naima. Baba Naima alikuwa akipanga watoto sita wa familia moja mbele ya pazia, na wote sita walikuwa wakilia. Aneth akainamisha kichwa akaendelea.

Alifanya kazi siku mbili. Akagonga muhuri hapa, akagonga pale. Doa la pajini likaisha. Tundu la sikio akaliziba vizuri. Mwisho akakumbuka sifa za Jumatatu, akaulainisha uso wote. Ijumaa asubuhi Baba Naima alipita nyuma yake akiwa na haraka zake, akatupa jicho, akasema, "Mashallah, safi sana," akaitoa kwenye printa. Aneth alitabasamu. Hata hivyo ndani yake kulikuwa na kitu hakijatulia, na hakujua ni kitu gani.

Mchana Baba Naima alikwenda kuswali Ijumaa. Naima alikuwa amemletea baba yake chakula, akakaa kumsubiri. Ndipo Mzee Eliakimu akaingia. Aneth alimpa picha, naye mzee akaipeleka mlangoni penye mwanga. Akaitazama. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu ni Raheli?" aliuliza.

"Ndiye, babu. Nimemsafisha."

"Miaka thelathini na minane nimekaa naye," alisema mzee kwa sauti ya chini, "na sasa ananitazama kama mgeni. Basi, ni mimi. Nilisikia uzee unamchukulia mtu vitu vyake, sikujua utaanza na huyu."

"Babu, haikupendeza?"

"Inapendeza sana, mjukuu wangu. Kazi yako ni nzuri. Kichwa changu ndicho kimeharibika." Akaifunga picha kwa gazeti, akavaa kofia yake, akaaga, akatoka.

Aneth aliumia moyo wala hakujua kwa nini. Kazi imesifiwa, mzee amehuzunika. Inawezekanaje? Alirudi kwenye kompyuta, akafungua picha aliyoitengeneza, na pembeni yake akafungua ile ya mwanzo jinsi ilivyotoka kwenye skana. Naima akaja akainama begani kwake.

"Mbona umemtoa nindi?" aliuliza Naima.

"Nimemtoa nini?"

"Nindi. Hii hapa." Naima aligusa lile doa la duara katikati ya paji la uso. "Wagogo wa zamani wote wanayo, walichanjwa wakiwa wadogo. Hata mzee aliyetoka sasa hivi anayo, hukuiona? Na sikio umeliziba. Hiyo ni ndewe, mwenzangu, walitoboa masikio wakavaa mapambo. Bibi mwenyewe amekuwa kama bi harusi wa Jumatatu."

Alama ya mzee Aneth aliiona kwa macho yake mawili, akamhurumia kwa jeraha ambalo halikuwa jeraha. Na sasa mzee wa watu anaondoka akiamini kwamba amemsahau mkewe.

"Naenda kumwambia," alisema.

"Usiende. Mwenyewe amesema inapendeza. Baba akijua umeharibu kazi ya mteja hutagusa tena hii kompyuta, nakwambia. Ukinyamaza, nani atajua?"

Hapo Aneth alisimama kidogo, nisikudanganye. Aliitaka ile kompyuta. Aliitaka pamoja na tabaka zake zote asizozielewa. Lakini alimwona mzee akiitundika picha ile ukutani Jumapili, wajukuu wanauliza bibi alikuwaje, naye anajibu kwa wasiwasi kwa sababu hajiamini tena. Akavaa kandambili zake, akamwambia Naima abaki na duka, akatimua mbio.

Alimkuta kituoni, kwenye benchi, akisubiri gari la Mvumi lijae. Picha ilikuwa mapajani mwake, bado imefungwa gazeti. Aneth alihema, maneno hayakupangika.

"Babu, nisamehe. Si wewe. Mimi nilifuta. Ile alama ya hapa, niliona ni doa. Na sikio nililiziba, na uso nikaulainisha, sikuuliza mtu. Sikujua, babu."

Mzee Eliakimu alimtazama. Kisha mkono wake ukapanda taratibu mpaka kwenye paji lake mwenyewe, ukatulia pale.

"Rudia tena," alisema.

"Ni mimi niliyefuta, babu."

"Kwa hiyo sijamsahau."

"Hujamsahau."

Kondakta aliita watu wa Mvumi waingie, viti viwili vimebaki. Mzee akamwambia gari liende, atapanda la jioni. Wakarudi Chang'ombe pamoja, polepole, kwa mwendo wa fimbo.

Baba Naima alikuwa amekwisha rudi kutoka msikitini. Aneth alimweleza yote kabla hajakaa, hata lile la kutaka kunyamaza, huku akiangalia vidole vya miguu yake. Alisubiri kufukuzwa. Baba Naima alivuta kiti cha pili, akakiweka karibu na kompyuta, akamkaribisha mzee akae.

"Ile picha ya mwanzo bado ipo?" alimuuliza Aneth.

"Ipo."

"Anza upya. Safari hii babu yako ndiye mwalimu."

Wakaanza. Aneth alipeleka mshale kwenye kila doa na kuuliza, naye mzee akajibu. Hili la shavuni? Doa hilo, toa. Hili la kidevuni? Toa. Hili la pajini? "Hiyo ni nindi yake. Usiiguse." Kakovu kadogo juu ya nyusi, ambako Aneth angeapa ni doa la karatasi, mzee alikacheka peke yake. "Alianguka na mtungi alipokuwa binti. Nilikuwa nikimtania nako kila mwaka wa mavuno." Aneth akakaacha. Wakafika sikioni, mzee akaeleza juu ya ndewe, na Naima aliyekuwa amejifanya anafuta vumbi akasogea kusikiliza.

Printa iliponguruma na karatasi ikaanza kutoka kidogo kidogo, Baba Naima alimgeukia Aneth.

"Ulinikuta mimi nikiwa na haraka, mwanangu, na kosa hili tumelifanya wawili. Nilikufundisha kufuta kabla sijakufundisha kuuliza. Sasa sikiliza, maana nilikuacha gizani tangu Jumanne. Chunusi za bibi harusi zingepona zenyewe wiki hii, na yeye mwenyewe aliomba zitolewe. Madoa ya kahawia ni ya karatasi. Lakini baka la dereva ni la dereva, na nindi ya Bibi Raheli ni ya Bibi Raheli. Kompyuta haiwezi kujua tofauti, itafuta chochote unachoielekeza. Wa kujua ni wewe, na usipojua, uliza, hata kama nimevuta pumzi ndefu. Na ukikosea, fanya kama ulivyofanya leo. Mkimbilie mtu umwambie."

"Nitaendelea kuja?" aliuliza Aneth kwa sauti ndogo.

"Kesho saa mbili. Tutaanza na zile tabaka, maana najua hujazielewa."

Mzee Eliakimu hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa amekwisha chukua picha kutoka kwenye printa, ameishika mbele ya uso wake kwa mikono miwili. Bibi Raheli alimtazama, na nindi yake, na ndewe yake, na kakovu kake ka mtungi. Mzee akavua kofia.

"Mbukwa, Raheli," alisema, akimsalimia kwa Kigogo kama mtu aliyerudi nyumbani kutoka shamba.