Nitoeni Hapa

Kila siku baada ya kuosha vyombo, Chiriku aliketi kwenye kizingiti cha jikoni na simu ya mama yake, akafungua kundi la hesabu. Wanafunzi zaidi ya mia moja walisaidiana humo. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyelianzisha, na Chiriku alikuwa msimamizi wake: alipokea wageni na kufuta matusi.

Kazi ilipomzidi, mwalimu alimwambia atafute msaidizi wa kujitolea. Alimsihi asome kwanza ujumbe wa zamani, aone ni nani huwajibu wenzake kwa subira. Chiriku aliitikia, lakini hakusoma. Alimchagua King'ora, mtoto wa shangazi yake, kwa kuwa aliandika kuliko wote na aliiomba nafasi hiyo mara nne.

Ijumaa, siku tatu kabla ya mtihani, Chiriku alifungua kundi, akashtuka. Watu tisa walikuwa wameondolewa. Mmoja wao alikuwa Binti Fundi, mtoto wa mshonaji wa mtaa wa pili. Alikuwa amevunjika mguu, na kwa mwezi mzima kundi hilo ndilo lililokuwa darasa lake.

Chiriku alikimbia hadi kwa shangazi yake, akamkuta King'ora akipiga pasi sare.

"Binti Fundi umemtoa kwa kosa gani?"

"Kosa gani tena? Kaomba mwenyewe." King'ora akamsogezea simu. "Soma hapo."

Chiriku akasoma: *Jamani, nimekwama swali la nne, nitoeni hapa.*

Akaweka kidole kwenye mwanzo wa ujumbe.

"Amekwama kwenye swali, wewe. Anataka msaada."

Pasi ilibaki hewani. "Mimi nilisoma maneno ya mwisho tu," King'ora akasema polepole. Wale wengine wanane, alikiri, aliwatoa kwa sababu walikuwa kimya wiki nzima.

Walikwenda pamoja kwa mshonaji. Binti Fundi alikuwa ameegemeza mguu juu ya kigoda, daftari lake limefukiwa chini ya vipande vya vitambaa. Mama yake aliwaambia kwamba mtoto amekataa kufanya mtihani.

"Nilidhani maswali yangu yamewachosha," Binti Fundi alisema bila kuwatazama.

King'ora aliomba radhi, sauti yake ikiwa ndogo kwa mara ya kwanza. Wakamrudisha kundini palepale pamoja na wale wanane, kisha wakakaa na swali la nne mpaka cherehani ikafunikwa.

Jumamosi, baada ya kuelezwa yaliyotokea, mwalimu alisoma ujumbe wa zamani pamoja na Chiriku. Walishangaa. Kila aliyekwama alikuwa amejibiwa na Binti Fundi, hatua kwa hatua, bila kumcheka mtu.

Jumatatu Binti Fundi alifika kwenye mtihani kwa magongo. Alipotoka, Chiriku alimwomba awe msaidizi wake, naye akakubali. King'ora alisema yeye atabaki na kazi inayomfaa, kuwaamsha watu kipindi cha kundi kikianza.

Mwalimu alicheka, kisha akamgeukia Chiriku.

"King'ora alisoma mwisho wa ujumbe tu, nawe hukusoma hata mwanzo," alisema. "Ulimpa ufunguo aliyebisha hodi kwa nguvu zaidi. Siku nyingine mpe anayemsikiliza aliye nje."