Kila Mtoto na Dawa Yake

Mtaa wa Shimoni uko upande wa Geita, chini ya kilima cha mawe mekundu. Zamani ulikuwa mtaa wa kelele. Mashine ya kusaga mawe ya dhahabu ilinguruma mchana kutwa. Watu walizoea kusemezana kwa sauti kubwa hata wakiwa wamekaa mkeka mmoja. Mwaka wa 1953 dhahabu ilipungua. Mwenye mgodi akazima mashine, akafunga virago, akaenda zake.

Wenye kwao walirudi kwao. Duka kubwa lilifungwa. Fundi cherehani akahama na cherehani yake kichwani. Vikabaki vitu viwili vya kuwafaa watu wote, navyo ni kisima na zahanati. Zahanati yenyewe ilikuwa nyumba ya bati yenye vyumba viwili, iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi. Mgodi ulipofungwa, Serikali ya Wenyeji iliichukua na kumwacha humo dresa wake, yaani mganga msaidizi, Bwana Onesmo.

Klara hakuondoka. Mumewe, Donatus, alisema bado iko dhahabu kidogo mtoni. Kila asubuhi alikwenda na karai lake kuchekecha mchanga. Siku nyingine alirudi na punje ya kutia moyo. Siku nyingi alirudi na miguu yenye tope tu.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bhoke. Klara ni Msumbwa wa Ushirombo, Bhoke ni Mkuria kutoka Mara. Kila mmoja alikuwa na lugha yake, kwa hiyo walikutana katika Kiswahili, na walikuwa ndugu kabisa. Mume wa Bhoke alikwenda kutafuta kazi Mwadui kwenye almasi. Tangu aondoke hakurudi, wala hakuleta salamu. Bhoke alibaki na mwanawe mmoja, Mageni.

Wanawake hawa wawili waligawana kila kitu. Klara akipata dagaa, nusu ni ya Bhoke. Bhoke akipata unga wa mtama, nusu ni ya Klara. Mageni na Epifania, binti wa Klara, walikula sahani moja. Hivyo ndivyo Shimoni nzima ilivyoishi baada ya mgodi kufungwa. Mtu aliyekula peke yake alisemwa mpaka akaona haya kupita kisimani.

Mvua za masika zilipoanza, Epifania alishikwa na kikohozi. Kifua kilimbana, mwili ukawa moto. Klara alimbeba mgongoni mpaka zahanati.

"Shikamoo, Bwana Dresa."

"Marahaba, Mama Epifania. Mlete hapa."

Onesmo alimwekea mtoto sikio kifuani, akasikiliza. "Ni kichomi," alisema. "Huu ugonjwa si wa mzaha." Akafunga vidonge vyeupe katika karatasi. Akaeleza vinywewe asubuhi, mchana, jioni na usiku, pamoja na maji mengi. "Vyote avimalize. Umesikia?"

"Nimesikia."

Klara alisikia kweli. Lakini alipofika nyumbani alimkuta Mageni amejikunyata mlangoni, anakohoa kikohozi kile kile.

"Mama Mageni, mpeleke kwa dresa," Klara alisema.

Bhoke alitikisa kichwa. "Nitampelekaje? Kipande alikwenda nacho baba yake."

Kipande ni ile kadi ya kazi. Wakati wa mgodi, mtu asiye na kipande hakutibiwa pale. Bhoke aliwahi kurudishwa mlangoni kwa sababu hiyo, mbele ya watu. Ile aibu ilimkaa moyoni, naye hakukanyaga tena kile kibaraza.

Klara alifungua karatasi. Akaviangalia vile vidonge. Epifania alikuwa amelala mkekani, Mageni amesimama karibu naye anamtazama. Atampaje mmoja na kumnyima mwenzake? Akavigawa sawasawa, mafungu mawili. Wewe unayesoma usiwe mwepesi kumcheka Klara. Wengi wetu tungefanya vivyo hivyo, na tungejiona watu wema.

Mwanzoni dawa ilionekana kufanya kazi. Homa ilishuka, watoto wakaomba uji. Kisha vidonge vikaisha. Homa ikarudi, tena kwa nguvu.

"Dawa za siku hizi zimechujuka," wanawake walisema kisimani. "Wakati wa Mzungu wa mgodi zilikuwa kali. Sasa wanatupa unga wa chokaa." Kumbe nao walikuwa wakigawana vidonge nyumbani kwao, mgonjwa na mgonjwa. Watu wakaacha kwenda zahanati. Kwa nini mtu ajisumbue kulowa mvua kwa ajili ya unga wa chokaa?

Bhoke alimchemshia Mageni mizizi. Alimkanda kifua kwa samli. Alimwomba Mungu kwa Kikuria, kwa sababu Kiswahili kilimwisha. Alfajiri moja Mageni aliacha kukohoa. Bhoke alidhani amepata usingizi.

Walimzika siku ile ile, kilimani. Wanaume wa makabila yote ya Shimoni walichimba kaburi, maana mawe ni mengi na kazi ni ngumu. Klara alilia mpaka sauti ikakauka. Bhoke hakulia. Alikaa chini, amejitanda kaniki, macho makavu.

Kesho yake asubuhi Bhoke aliingia nyumbani kwa Klara bila kubisha hodi. Alimfunua Epifania kanga. Mbavu za mtoto zilikuwa zinabonyea kila alipovuta pumzi.

"Mpeleke kwa dresa," Bhoke alisema.

"Dawa yake haina nguvu, Mama Mageni. Umeona mwenyewe."

"Mpeleke hivyo hivyo! Wewe unacho kipande. Mimi wangu sikumpeleka. Wako mpeleke."

Donatus hakungoja neno jingine. Aliacha karai lake pale pale uani, akambeba mtoto kifuani, wakaenda mbio kwenye tope.

Onesmo alimpokea mtoto, akasikiliza kifua. Uso wake ukabadilika.

"Vidonge vile alivimaliza vyote?"

"Ndiyo," Klara alijibu. Kisha akainama. Hakuweza kudanganya huku mwanawe akihema vile. "Hapana. Alimeza nusu."

"Nusu nyingine iko wapi?"

"Alimeza mtoto wa jirani. Naye alikuwa anakohoa."

"Basi naye mlete upesi! Yuko wapi?"

"Tumemzika jana," Donatus alisema.

Onesmo alikaa kwenye benchi. Kisha akainuka, akaponda vidonge, akamnywesha Epifania yeye mwenyewe kwa kijiko.

"Nisikilizeni," alisema. "Ugonjwa huu ni kama moto wa nyasi. Maji yenye kutosha kuzima moto mmoja, ukiyagawa kwa mioto miwili, yote miwili itafifia tu. Utadhani imezimika. Ukigeuka, inawaka upya. Vidonge vile vilikuwa vya mtoto mmoja. Mkivigawa, hakuna anayepona."

"Sikuwa na nia mbaya," Klara alisema.

"Najua. Ugali unagawanywa, chumvi inagawanywa. Dawa haigawanywi. Lakini kwa nini huyo mtoto hakuletwa? Ningempa na yeye vyake."

"Mama yake hana kipande."

"Kipande?" Onesmo alishangaa. "Kipande cha nini? Mambo ya kipande yaliondoka na mgodi. Zahanati hii sasa ni ya watu wote. Anayeumwa anakuja, basi."

"Nani alituambia?" Donatus aliuliza. Hakuuliza kwa ugomvi, lakini swali lilimchoma Onesmo.

"Hakuna," dresa alijibu polepole. "Nilidhani mnajua. Nilikaa humu ndani nikasema watu wa Shimoni hawapendi dawa."

Epifania alilazwa kwenye chumba cha pili. Onesmo alimpa vidonge mwenyewe kwa saa zake, na Klara alimpa maji. Safari hii hakuna kidonge kilichotoka nje ya mlango. Homa ilishuka, na haikurudi. Siku mtoto alipoomba samaki, Donatus alitoka nje akajifuta uso kwa mkono wa shati.

Klara angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemlazimisha kusema. Lakini alijua hataweza kumtazama Bhoke usoni na siri ile tumboni. Akaenda kwake mchana, akakaa chini, akamweleza yote, habari ya kugawa vidonge na habari ya kipande.

Bhoke alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ningempeleka, angepona?"

"Dresa hakusema hivyo. Alisema angempa dawa yake."

"Na mlango ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa wazi."

Bhoke aliinuka. Aliingia chumbani, akafunga mlango. Ndipo Klara alipomsikia akilia, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Tangu siku hiyo Bhoke alipika peke yake. Walipokutana kisimani alijibu salamu, akajitwika mtungi, akaondoka. Klara aliumia sana, lakini hakumlaumu.

Baada ya mavuno mwanangwa, ndiye mkuu wa eneo lile chini ya Mtemi, aliitisha mkutano mbele ya zahanati. Aliitwa Januari. Alikuwa mzee wa maneno machache.

"Mwadila," aliwasalimu kwa Kisukuma. "Nimetumwa na Baraza la Mtemi. Zahanati hii haina wagonjwa. Dresa analipwa kukaa bure. Baraza linataka kuifunga. Bati na dawa zitapelekwa kwenye watu wengi zaidi. Mwenye neno aseme."

"Waichukue!" mtu mmoja alipaza sauti. "Dawa yenyewe chokaa!"

Wengine walicheka. Klara aliutazama mlango wa zahanati. Zahanati ya pili ilikuwa mwendo wa kutwa nzima. Angempeleka wapi Epifania kikohozi kikirudi? Akasimama.

"Dawa si chokaa," alisema. "Sisi ndio tunaoiharibu. Mimi nilipewa vidonge vya mtoto mmoja, nikavigawa kwa watoto wawili. Mmoja alikufa. Wangu alipopewa dozi nzima, alipona. Nani hapa hajagawa vidonge nyumbani kwake?"

Watu walitazama chini. Kisha yule mtu wa chokaa akasema, "Kumbe wewe ndiye uliyemuua mtoto wa mwenzio."

Klara alikaa chini, akajifunika uso kwa kanga.

"Hakumuua."

Watu waligeuka. Alikuwa Bhoke, amesimama nyuma kabisa.

"Alimpa mwanangu alichokuwa nacho mkononi," Bhoke alisema. "Hakujua. Wala wewe hukujua, usijifanye. Mwanangu alikufa mlango huu ukiwa wazi, na hakuna aliyeniambia niingie. Nilidhani wanataka kipande. Wangapi hapa wanadhani hivyo?"

Mikono iliinuka, kwanza michache, halafu mingi. Ilikuwa mikono ya wake walioachwa na waume waliokwenda kutafuta kazi, ya wazee, na ya vijana waliokuja baada ya mgodi. Onesmo aliitazama ile mikono, kisha akainamisha macho.

Bhoke akamgeukia Januari. "Mwanangwa, wagonjwa wapo. Wako majumbani. Mkiufunga mlango huu, sisi tuliojua leo tutawaambia wagonjwa waingie wapi?"

Januari aliihesabu ile mikono. "Wabeja, mayu," alimshukuru kwa Kisukuma. "Nitawaambia wenzangu wangoje mpaka masika yajayo yapite. Lakini watu waje. Mimi siwezi kutetea nyumba tupu."

Siku iliyofuata Onesmo alitoka nje ya kibaraza chake. Alipita nyumba kwa nyumba, akaeleza kwamba hakuna kipande, na kwamba kila mgonjwa aje mwenyewe apewe dawa yake. Wanaume walikata nyasi zilizozunguka zahanati na kuziba paa lililovuja. Wanawake wakapeana zamu ya kuchota maji ya wagonjwa na kukaa na mtoto wa mtu anayeuguza. Ile tabia ya kugawana haikufa Shimoni. Waligawana kazi na uchungu, na vidonge wakaviacha kwa mwenyewe.

Masika yalirudi, na kikohozi kikarudi nayo. Safari hii benchi la Onesmo lilijaa asubuhi na jioni. Januari alikuja akajionea mwenyewe, na mavuno yalipopita hakuna bati lililong'olewa.

Asubuhi moja ya masika hayo Klara alikuwa kwenye kibaraza cha zahanati, ameleta maji ya wagonjwa. Mbele yake mwanamke mgeni mtaani alipokea karatasi ya vidonge vya mwanawe, akaifunga upesi kwenye pindo la kanga. Bhoke, ambaye ilikuwa zamu yake ya kukaa na watoto wa wanaouguza, alimshika mkono.

"Dada, una mwingine nyumbani?"

Yule mwanamke alisita. "Yupo mkubwa wake. Anakohoa kidogo tu. Nitampa katika hizi."

"Hapana," Bhoke alisema. "Twende tukamchukue."

Walitoka wote wawili kwenye manyunyu. Waliporudi, Bhoke alikuwa amembeba yule mtoto mkubwa mgongoni, amemfunga kwa kanga yake, kichwa cha mtoto kimelala begani kwake. Tangu Mageni azikwe kilimani hakuwa amembeba mtoto wa mtu yeyote. Alipanda kibarazani, akapita karibu na Klara.

"Nipishe, Mama Epifania," alisema taratibu. "Huyu naye apate zake."

Klara akampisha. Machozi yalimtoka mbele ya watu wote, naye hakuyafuta.