Aliyemsuka Chiriku

Chiriku aliamka akiwa amesukwa.

Mama yake alimlaza na nywele timutimu, akijiambia atazichana kesho, maana vidole vilikuwa vimechubuka kwa sabuni na havikutaka tena kushika kitu. Asubuhi akamkuta na mistari myembamba, imenyooka, imekazwa mpaka macho ya mtoto yamevutwa juu kama ya paka. Na mtoto aliyepewa jina la ndege kwa kutojua kufunga mdomo alikuwa kimya.

"Nani kakusuka?"

"Mama."

"Mama yupi, na mimi niko hapa?"

Chiriku akatazama kona penye kapu la nguo chafu. "Si nilisema sina? Akaja."

Mama yake alikuwa dobi wa misheni, na chumba chao kilipakana na chumba cha kufulia. Harufu zote za kazi yake alizijua: jasho, ukungu, mikojo ya watoto. Asubuhi ile palinuka maziwa ya kifua yaliyochacha, na yeye kunyonyesha aliacha zamani.

Alijua mtoto alisema wapi kwamba hana mama. Wageni wa ng'ambo walikuwa wamefika, wamevaa fulana za rangi moja kama timu iliyokuja kucheza mechi na umaskini. Walipaka rangi ukuta uleule uliopakwa na wageni waliotangulia, wakapiga picha na ndoo, kisha wakaketi ukumbini wakisubiri kulizwa. Mkurugenzi hakuwanyima. Yatima wa kweli pale misheni hawakujaza hata benchi moja, kwa hiyo waliobaki aliwaazima: watoto wa mlinzi, wa majirani, wa dobi. Mzazi alinyamaza, mtoto akapata dawati shuleni. Chiriku, kwa sauti yake nzuri, ndiye aliyepandishwa jukwaani kila mara kusema, "Sina mama duniani." Wageni walilia, na Mkurugenzi aliyatazama machozi yale kama mkulima anavyotazama mvua. Kisha alijipangusa kipara, akasimulia kwamba hata yeye aliokotwa, hata yeye hakuwahi kuwa na mama.

Mama yake Mkurugenzi, bibi huyo asiyekuwapo, alikuwa jikoni, anamenya viazi. Wageni waliambiwa ni mjane aliyesitiriwa na misheni. Walimpa mswaki.

Dobi akamfumua mtoto. Mchana akamkuta amesukwa tena. Akamfumua, akamfunga kitambaa, akatoka kuanika, na jua likiwa kali kiasi cha kuumiza macho aliona, nyuma ya shuka lililolowa, kivuli cha mwanamke aliyeketi, mkono unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, na akasikia mtu anaimba puani wimbo wa kubembeleza usio na maneno, na ile harufu ikampanda kooni, na alipolivuta lile shuka kwa nguvu zake zote hakumkuta mwanamke, alimkuta Chiriku peke yake, ameketi chini, macho yamefumbwa, kichwa kimeegemea goti ambalo halikuwapo.

Alikwenda ofisini. Mkurugenzi alimsikiliza huku akijaribu kipaza sauti kipya, akamwambia kwamba majini hayaingii penye maombi ya sauti kubwa namna ile, na kwamba watu wa chini wana tabia ya kuiogopa bahati yao. Kisha akashusha sauti.

"Kesho wageni wanaaga. Mtoto wako atasema. Asiposema, dawati lake nitampa mwingine."

Jikoni, bibi hakuacha kumenya. Dobi alimweleza yote kwa kunong'ona.

"Kitu hicho kimeambiwa mtoto hana mwenyewe," bibi akasema. "Nawe uliposikia ulifanya nini?"

"Nilinyamaza, bibi."

"Basi kikaamini. Kiambie mwenyewe yupo."

"Nimesema chumbani mpaka koo limekauka."

"Chumbani hukumkana, mwanangu. Ulimkana kule, mbele za watu."

Dobi alitaka kumuuliza, na wewe je? Lakini kisu cha bibi kilikuwa kimesimama juu ya kiazi, akaona afadhali aondoke.

Siku ya kuaga, Chiriku alipanda jukwaani bila kuitwa. Usiku kucha mama yake alikuwa amemkumbatia, na alfajiri mtoto aliuliza kwa upole, "Shangazi, utaniachia lini?" Sasa harufu ya maziwa ilijaa ukumbi hata mkalimani akaziba pua. Mtoto alifungua mdomo, "Sina," na chini ya sauti yake ikasikika nyingine, nzito, inayolitamka neno hilohilo kwa furaha. Misuko yake ikasimama wima, kama iliyoshikwa na mkono.

Dobi alifikiria dawati. Alilifikiria kweli. Kisha akainuka.

"Anaye," akasema. "Mama yake ni mimi. Nimemzaa mimi, na kumkana nilimkana mimi."

Misuko ikalegea, mmoja baada ya mwingine. Chiriku akashuka mbio, akamrukia kifuani, akaanza kulalamika kwamba kichwa kinamuuma, ana njaa, na mbona hajavalishwa viatu, na dobi akazipokea kelele zile huku machozi yanamtoka.

Mkalimani, aliyeipenda kazi yake kuliko ukweli, aliwatafsiria wageni kwamba mama huyu anasema Mungu ndiye mzazi wa wote. Wageni wakalia upya.

Mkurugenzi akanyakua kipaza sauti kuokoa shughuli. "Mimi pia sikuwa na mama," akasema. "Hata leo sina."

Harufu ikageuka, ikamfuata.

Alijishika kisogo. Taratibu akaketi sakafuni kama mtoto, na kichwa chake kikaenda nyuma kikaegemea pasipo na kitu. Juu ya kipara kile kinachong'aa, ngozi ikaanza kujikunja mistari, myembamba, imenyooka, ikikazwa, ikikazwa, mpaka macho yakapanda juu.

"Mama," akaita.

Bibi alikuwa mlangoni, kiazi mkononi. Dobi akamshika kiwiko. "Bibi, sema. Neno moja tu."

Bibi alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta sura aliyowahi kuijua. Kisha akafuta kisu kwenye aproni.

"Niseme nini? Mimi ni mjane wa kusitiriwa."

Akarudi kwenye viazi vyake. Jukwaani ule wimbo wa puani ukaanza, mtamu, wa polepole, na wageni, waliodhani ni ibada, wakaupigia makofi.